Bonde la Jua na Bili Yake

Ndugu zetu walioko nyumbani wakisikia jina la Marekani, kinachowajia kwanza ni theluji. Karibu kila mmoja wetu katika chama hiki ana shangazi au mjomba anayemaliza simu kwa kusema, "Haya, mjifunike vizuri, huko kwenu baridi." Wako wazazi wetu walioteremka uwanja wa ndege wa Phoenix mwezi wa Julai wamebeba makoti mazito waliyopewa kabla ya safari, kwa kuwa hata aliyewapa alikuwa na picha hiyo hiyo kichwani. Walipotoka nje ya mlango wa vioo walidhani wamesimama nyuma ya injini ya ndege. Injini haikuwapo. Ule ulikuwa upepo wa kawaida wa saa kumi jioni.

Mji huu na miji inayouzunguka huitwa Bonde la Jua, jina lililobuniwa zamani ili kuwavutia watalii wanaokimbia baridi ya kaskazini. Sisi tunaoandika ni wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu, watoto wa watu waliotoka Bukavu, Uvira, Bujumbura, Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, na karibu wote tumekulia hapa. Tulipokaa kupanga toleo hili tuligundua kwamba majumbani mwetu joto halizungumzwi kama hali ya hewa. Linazungumzwa kama pesa. Umeme mwezi huu umefika ngapi? Zamu ya mchana imefutwa. Betri ya gari imekufa tena. Maziwa ya mtoto yameharibika njiani kutoka dukani. Kuanzia Mei hadi Oktoba sentensi za namna hiyo hujaa sebuleni, na hakuna hata moja yenye neno joto ndani yake. Makala hii inajaribu kuzifuata hadi zinakotoka.

Usiku usiopoa

Tuanze na hesabu, tusije tukaonekana tunalalamika tu. Mwaka 2023, kuanzia Juni 30 hadi Julai 30, joto la mchana hapa Phoenix lilifika nyuzi 110 za Farenhaiti au zaidi kila siku, siku 31 mfululizo. Kwa wasomaji ambao bado wanapima kwa kipimo cha nyumbani, hizo ni zaidi ya nyuzi 43 za Selsiasi. Wastani wa Julai nzima, mchana na usiku ukichanganywa, ulikuwa nyuzi 39 za Selsiasi, na hakuna mji mkubwa wa Marekani uliowahi kuandikiwa mwezi wa moto kiasi hicho. Mwaka uliofuata, 2024, haukuwa na mfululizo mrefu vile, lakini siku za nyuzi 110 na zaidi zilifika 70, wakati rekodi ya nyuma ilikuwa 55.

Magazeti hupenda tarakimu ya mchana. Madaktari huiogopa zaidi ya usiku. Tarehe 19 Julai 2023 joto halikushuka chini ya nyuzi 97 za Farenhaiti, yaani 36 za Selsiasi, karibu sawa na joto la mwili wa mtu mzima mwenye afya. Mwili hujipoza kwa kupeleka damu nyingi kwenye ngozi na kwa kutoa jasho likauke. Yote mawili ni kazi ya moyo, na yote mawili yanataka maji. Usiku ndio wakati moyo unapopunguziwa kazi hiyo. Ukinyimwa usiku wa kwanza, wa pili na wa tano, mzee mwenye shinikizo la damu anaamka siku ya sita amechoka kama mtu aliyekesha akipanda mlima.

Usiku haupoi kwa sababu ya mji wenyewe. Jangwa tupu hupoa upesi jua likizama, lakini lami, saruji na kuta za matofali hunywa moto mchana kutwa na kuurudisha polepole hadi alfajiri. Viyoyozi navyo huchukua joto la ndani na kulitupa nje. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State walionyesha mwaka 2014 kwamba joto hilo linalotupwa linaweza kuongeza joto la usiku mjini kwa zaidi ya nyuzi 1 ya Selsiasi. Kwa hiyo mwenye kiyoyozi anampelekea jirani asiye nacho sehemu ya joto lake, bila yeyote kukusudia.

Lami inastahili kutajwa peke yake. Kiangazi cha 2023, kati ya Juni na Agosti, kituo cha majeraha ya moto cha Valleywise hapa Phoenix kililaza wagonjwa 136 walioungua kwa kugusa vitu vilivyochomwa na jua, hasa lami na saruji, na 14 kati yao walifariki. Mtu huanguka kwa kizunguzungu, au kwa ulevi, au kwa sababu goti limekataa tu, na dakika chache chini zinatosha.

Wenyeji wana maneno ya kujifariji: ni joto kavu, bwana. Sisi tunaotoka pwani tunajua tofauti, maana Kiswahili kina neno fukuto kwa lile joto zito la Mombasa na Dar es Salaam, ambapo shati linashikana na mgongo. Hapa jasho hukauka kabla hujaliona. Mgeni huangalia shati lake, likiwa kavu akaamini yuko salama, kumbe amepoteza maji ya kutosha kumwangusha.

Mji uliojengwa juu ya mashine

Mwaka 1940 Phoenix ilikuwa na watu wapatao 65,000. Leo ndani ya mipaka ya mji peke yake wako takriban milioni 1.6. Kabla ya kiyoyozi watu wa hapa walilala barazani wakati wa kiangazi, wakitundika mashuka yaliyoloweshwa maji ili upepo upite humo. Bibi wa mmoja wetu aliposikia habari hiyo alicheka sana. Kumbe Wazungu nao walikuwa wanatandika nje kama watu wa Kariakoo!

Baada ya Vita Vikuu vya Pili kiyoyozi kikawa kitu cha kawaida, na nyumba zikabadilika pamoja nacho. Kuta zikawa nyembamba, dari zikashuka, baraza likaondoka, madirisha yakawa ya kutazamia tu. Nyumba za zamani za udongo zilikuwa na ukuta mnene na kivuli, angalau zilijaribu. Nyumba ya ghorofa mbili ya kupangisha iliyojengwa miaka ya sabini, zile ambazo familia nyingi za wakimbizi hufikia, mashine ikizimika haina mpango mwingine.

Mwaka 2023 watafiti walichapisha makadirio ya kitakachotokea Phoenix umeme ukikatika mji mzima katikati ya wimbi la joto. Waliona kwamba karibu watu 800,000, nusu ya wakazi, wangehitaji matibabu ya dharura, na watu wapatao 13,000 wangekufa. Ni hesabu ya kompyuta, haijatokea, na tunaomba isitokee. Lakini tukiisoma tulitazamana, kwa sababu umeme hapa hukatika kila mwezi. Haukatiki mji mzima. Unakatika katika nyumba fulani, mlango fulani, jirani akiendelea kutazama mpira.

Moja ya kampuni mbili kubwa za umeme hapa bondeni, SRP, ina mpango wa kulipia kabla unaoitwa M-Power. Wazazi wetu waliotoka Tanzania waliuelewa siku ya kwanza. Wakasema ni LUKU hiyo. Waliotoka Kenya wakasema ni tokeni. Kuna kijisanduku ndani ya nyumba kinachoonyesha dola zilizobaki, zikiisha unakwenda kuongeza. Tusiuseme vibaya tu, kwani mtu mgeni asiye na historia ya mikopo anapata umeme kwa urahisi, na hakuna bili ya kushtukiza mwisho wa mwezi. Ila kijisanduku kile kimetulea. Nyumbani kwa mmoja wetu, dola 20 za Desemba hukaa karibu wiki nzima. Za Julai hazifiki kesho kutwa. Mtoto wa miaka minane anajua kusoma tarakimu zile na anajua sura ya baba inavyobadilika zikishuka chini ya tano.

Basi familia hujipanga. Kiyoyozi huwekwa kwenye nyuzi 84 au 85 za Farenhaiti, kiasi cha kutokufa tu, na watu wote hulala sebuleni ili vyumba vingine vifungwe. Jiko la oveni halikubaliki kabisa. Maharage huchemshwa usiku wa manane. Lakini kuna jambo lililotugusa zaidi tulipoulizana. Wageni hawaalikwi mwezi wa Julai. Kila mlango ukifunguliwa ubaridi unatoka, na wageni wanane wana joto la miili minane. Watu ambao kwao mlango ulikuwa wazi tangu asubuhi hadi saa nne usiku wanajifunza kumwambia mwenzao, "Tuonane mambo yakipoa," na huyo mwenzao anaelewa. Hakuna takwimu ya gharama hiyo popote.

Wapangaji wa Phoenix wana haki ambayo wengi hawaijui. Kanuni za mji zinamtaka mwenye nyumba ya kupangisha yenye kiyoyozi ahakikishe kinaweza kupoza vyumba hadi nyuzi 82 za Farenhaiti au chini ya hapo. Mzazi wa mwenzetu alikaa siku tisa na kiyoyozi kibovu, akipiga simu ofisini na kuambiwa fundi yuko njiani. Alikuwa akisema kwa Kiingereza cha kubabaisha, "very hot, very hot." Binti yake aliporudi kutoka bweni na kuandika barua pepe yenye tarehe na kanuni hiyo, fundi alifika kesho yake. Tunaitaja kwa sababu wasomaji wetu wengi ndio hao mabinti na wavulana.

Saa ya kazi

Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti mwaka 2019 likikadiria kwamba ifikapo 2030 dunia itakuwa inapoteza asilimia 2.2 ya saa zote za kazi kwa sababu ya joto, sawa na ajira milioni 80 za kutwa nzima. Kwa Marekani peke yake, ripoti ya 2021 ya kituo cha Arsht-Rockefeller ilikadiria hasara ya dola bilioni 100 kila mwaka kutokana na kushuka kwa utendaji wa wafanyakazi.

Tarakimu hizi ni kubwa mno kuingia mfukoni, kwa hiyo tuziteremshe. Mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, kwenye ofisi yenye ubaridi, akipata siku ya nyuzi 115 hupoteza pengine hamu ya kula. Mfanyakazi wa kulipwa kwa saa hupoteza saa. Akiambiwa kazi ya kupanga matofali itaanza saa kumi alfajiri na kuisha saa tano asubuhi, amenusurika na jua, lakini pia amekatwa saa mbili za malipo, na lazima atafute wa kukaa na watoto saa tisa za usiku. Anayesafisha ndege kati ya safari na safari huingia katika chombo kilichozimwa hewa, akatoka jasho, akarudi kwenye lami ya uwanja. Anayepeleka vifurushi hulipwa kwa kuwahi. Hakuna anayewakataza kupumzika. Kupumzika kuna bei tu.

Uchovu huo una matokeo mengine ambayo hayaitwi joto kwenye karatasi za hospitali. Watafiti waliochunguza madai ya fidia za wafanyakazi wa California waligundua kwamba siku za juu ya nyuzi 100 za Farenhaiti ajali za kazini huongezeka kwa asilimia 10 hadi 15, zikiwamo za watu wanaofanya kazi ndani ya majengo. Mtu huteleza kwenye ngazi, hukosea mashine, hujikata. Daktari huandika kidole.

Sheria zinakwenda kwa mwendo wa kinyonga. Mwaka 2024 serikali kuu ya Marekani ilipendekeza kwa mara ya kwanza kanuni ya nchi nzima ya kuwalinda wafanyakazi dhidi ya joto. Wakati huo huo Texas mwaka 2023, na Florida mwaka 2024, zilipitisha sheria za kuzizuia serikali za mitaa kuweka kanuni zao wenyewe za maji na mapumziko. Phoenix ilikwenda njia nyingine: mwezi Machi 2024 baraza la mji lilitaka makampuni yenye mikataba na mji, yakiwamo ya uwanja wa ndege, yawe na mpango wa kuwapa wafanyakazi maji, kivuli na mapumziko. Ni hatua nzuri, ila kibarua wa mjenzi binafsi hayumo.

Hapa tunawakumbuka wenzetu wa Maskati. Oman, ambako familia nyingi zenye asili ya Unguja na Pemba bado zinaongea Kiswahili, ina sheria ya saa: miezi ya Juni, Julai na Agosti ni marufuku kuwafanyisha watu kazi juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu. Mtu anaweza kuikosoa, kwani saa nne asubuhi huko nako si mchezo, na jua halisomi kalenda. Lakini sisi tunaona ina ubora mmoja ambao mipango ya kurasa thelathini haina. Kibarua asiyejua lugha ya nchi anaweza kuisoma kwenye saa yake ya mkononi na kujua kama anaonewa.

Waliohesabiwa

Wilaya ya Maricopa, ambamo Phoenix imo, huhesabu vifo vya joto kwa makini kuliko sehemu nyingi za nchi hii. Mwaka 2014 ilihesabu vifo 61. Mwaka 2019 vilikuwa 199, mwaka 2022 vilikuwa 425, na mwaka 2023 vilifika 645. Mwaka 2024 vilipungua kidogo hadi 608, na watu walishangilia, jambo linalokuonyesha tulipofika.

Nani hao? Mwaka 2023 karibu nusu walikuwa watu wasio na makazi. Zaidi ya nusu walikuwa na dawa za kulevya au pombe mwilini, na tunalisema waziwazi, kwa sababu wako wanaolitumia jambo hilo kusema kwamba walijitakia. Anayelala kando ya reli kwenye nyuzi 36 za usiku wa manane hana usiku wa kumrekebisha, awe mlevi au asiwe. Kisha wako waliofia ndani ya nyumba zao, na habari zao ndizo zinazofanana na sisi. Mwaka baada ya mwaka ripoti za wilaya hukuta jambo lile lile: wengi wao walikuwa na kiyoyozi ukutani. Kilikuwa kibovu, au kimezimwa, au hakina umeme.

Ukitaka kuelewa kifo cha ndani, lazima uende Chicago. Julai 1995 mji ule ulipatwa na joto kwa siku chache tu, na watu 739 zaidi ya kawaida wakafa. Chumba cha maiti kilijaa hadi yakaletwa malori ya majokofu. Mtaalamu wa sosholojia Eric Klinenberg aliandika kitabu juu ya maafa hayo, kikatoka mwaka 2002, na sehemu yake inayokumbukwa zaidi ni ile inayolinganisha mitaa miwili inayopakana, yote ya watu maskini. North Lawndale ilikuwa imehamwa, maduka yamefungwa, wazee wakijifungia ndani kwa hofu. Little Village ng'ambo ya barabara ilikuwa na masoko, makanisa na watu tele vijiani. Katika North Lawndale watu walikufa kwa kiwango cha mara nyingi zaidi. Mzee wa Little Village alikuwa na sababu ya kutoka na mahali pa kwenda, na asipoonekana, kuna atakayeuliza.

Tulipoisoma habari hiyo darasani, mwalimu wetu alituuliza: Phoenix, nani anaishi North Lawndale? Tulifikiri kwanza wazee wa Kimarekani walio peke yao. Halafu mmoja wetu akasema, "Bibi yangu." Bibi huyo anaishi na watoto na wajukuu saba, hawezi kuitwa mpweke. Lakini kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi jioni wote wako kazini na shuleni. Bibi hana gari, hana Kiingereza, hana namba ya jirani hata mmoja, na tahadhari zinazolia kwenye simu yake hawezi kuzisoma. Amefungiwa na lugha.

Kisha kuna sentensi moja inayotutisha kuliko zote, na imesemwa karibu katika kila nyumba tuliyouliza: "Aa, sisi Waafrika tumezoea joto." Hata wasimamizi kazini huisema kumpangia mtu kazi ya nje. Jamani, nani kazoea? Bukavu iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na jioni watu huvaa sweta. Hata Dar es Salaam katika mwezi wa Februari, watu wakilalamika kwamba jua limeshuka kutaka kuongea nao, mchana huwa nyuzi 32 au 33 za Selsiasi. Hakuna babu wa yeyote kati yetu aliyewahi kulala kwenye nyuzi 36 na kuamkia 46. Mwili huzoea joto, ndiyo, kwa wiki moja au mbili za kuongeza kazi kidogo kidogo, na hupoteza mazoea hayo ukiachwa. Hauzoei kwa ukoo.

Tangu Mei chama chetu kina daftari. Lina majina ya wazee waliokubali, na kila mmoja amepewa mwanafunzi wa kumpigia simu saa nane mchana siku za tahadhari. Hatuulizi "U mzima?" kwa sababu jibu ni "Mzima" hata nyumba ikiungua. Tunauliza, "Bibi, kijisanduku kinasema ngapi? Mashine inatoa baridi au upepo tu? Umekwenda haja ndogo leo, na mkojo ulikuwa wa rangi gani?" Swali la mwisho lilitupa shida. Mjukuu hamwulizi bibi yake mambo hayo. Dada mmoja muuguzi ndiye aliyetufundisha kulizungusha kwa adabu, na sasa wazee wenyewe wanatutania kabla hatujauliza.

Kivuli

Ukipanda basi kutoka kusini ya mji kwenda kaskazini utaliona joto kwa macho. Upande mmoja miti imeshonana, nyasi zinamwagiliwa. Upande mwingine kuna uzio wa waya, changarawe, na kituo cha basi chenye nguzo tu. Watu husimama wamepanga mstari katika kivuli cha nguzo hiyo, mmoja nyuma ya mwingine, wembamba kama nguzo yenyewe. Tofauti hii ina historia. Kusini ndiko walikoruhusiwa kuishi Wamarekani Weusi na Wamexiko wakati benki zilipokataa kukopesha mitaa yao, na mti ni kitu kinachopandwa na mtu mwenye hakika kwamba nyumba ni yake.

Mwaka 2010 mji ulijiwekea lengo la kufunika robo ya eneo lake kwa vivuli vya miti ifikapo 2030, na haujalikaribia. Mwaka 2021 ukaanzisha ofisi maalumu ya kukabiliana na joto, na mwishoni mwa 2024 ukapitisha mpango mpya wa kupanda miti 27,000 na kujenga vivuli 550. Baadhi ya maktaba na vituo sasa hufunguliwa hadi usiku, vingine usiku kucha. Tumekwenda kuviona. Vina maji, vina viti, na wahudumu ni wapole. Bibi zetu hawaendi huko, kwa sababu kufika lazima usubiri basi kwenye ile nguzo.

Serikali kuu nayo ina sheria ya maafa, inayoitwa Stafford, ya mwaka 1988. Inataja vimbunga, mafuriko, matetemeko, hata theluji. Joto haikulitaja. Paa likiezuliwa na upepo, picha hupigwa na pesa huja. Joto haliezui paa.

Tumalizie pale tulipoanzia, kwenye umeme. Septemba 2018 mama mmoja wa miaka 72, katika kitongoji cha wastaafu kaskazini magharibi mwa Phoenix, alikatiwa umeme siku ya nyuzi 107. Alikuwa akidaiwa dola 176, alilipa 125. Zilibaki 51. Alikutwa amekufa nyumbani. Habari ilipotoka gazetini mwaka 2019 watu walikasirika, na tume inayosimamia kampuni za umeme Arizona ikapiga marufuku kukata umeme wa majumbani kati ya Juni 1 na Oktoba 15. Baadaye kanuni ikawa ya kudumu, na kampuni zikapewa kuchagua: zifuate kalenda hiyo, au zisikate siku yoyote inayotabiriwa kuzidi nyuzi 95. SRP haiko chini ya tume hiyo, ina taratibu zake.

Marufuku inazuia kukata, haifuti deni. Deni la Juni humngoja Julai, na la Julai humngoja Agosti. Mwaka 2024 Phoenix ilivunja rekodi ya joto ya tarehe husika kila siku kwa siku 21 mfululizo, kuanzia Septemba 24. Siku ya 21 ilikuwa Oktoba 14. Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya kalenda.